Havuti, Havutwi

"Disinterested" na "uninterested" ni maneno mawili ya Kiingereza yanayofanana kiasi kwamba hata wenye lugha huyachanganya, na kila kizazi cha walimu wao hupata kazi ya kuyatenganisha upya. Kanuni ya darasani ni fupi. La kwanza ni la mtu asiye na maslahi katika jambo, la pili ni la mtu asiye na hamu nalo. Refa wa mechi ya Simba na Yanga anatakiwa awe "disinterested". Akiwa "uninterested", mpira utavuka mstari wa goli yeye akiangalia simu.

Kanuni yenyewe ni nzuri. Kinachonichosha ni namna inavyotetewa. Hukosi mtu wa kukwambia kwamba waandishi wa siku hizi wameiharibu lugha, kana kwamba maneno hayo yalishushwa kutoka mbinguni yakiwa yameshagawana kazi. Historia inasema vingine. Katika karne ya 17, yalipoanza kuonekana kwenye maandishi, yalikuwa yamekaa karibu kinyumenyume: "disinterested" liliweza kumaanisha mtu asiye na hamu, na "uninterested" lilimwelezea mtu asiyependelea upande. Yakaja kubadilishana viti katika karne ya 18. Kwa hiyo mwalimu anayemkatia mwanafunzi alama kwa kuandika "disinterested" akimaanisha "amechoshwa" anamwadhibu kwa kutumia maana kongwe. Anaweza kuwa sahihi bado, maana maneno hufuata desturi ya wanaoyatumia leo, lakini asijifanye analinda urithi wa mababu.

Tatizo haliko kwenye zile silabi za mwanzo tu. Liko kwenye "interest" yenyewe, neno lililobeba mizigo mingi kuliko bajaji ya sokoni.

Asili yake ni Kilatini, "interesse", maana yake "kuwa kati". Kilicho kati ya vitu viwili ndicho kinachovitofautisha, na kwa njia hiyo Warumi walilitumia kusema kwamba jambo fulani lina uzito, linaleta tofauti, linamhusu mtu. Wanasheria wakalipeleka kwenye hesabu. Mtu amekukopa, siku ya kulipa imepita, hajalipa. Kuna hali uliyo nayo sasa, na kuna hali ambayo ungekuwa nayo kama angelipa kwa wakati. Pengo lililo kati ya hali hizo mbili ndilo unalostahili kufidiwa. Katika Ulaya ya zama za kati Kanisa lilikataza riba, ambayo kwa Kilatini iliitwa "usura", lakini fidia ya hasara ya kucheleweshewa malipo ilikuwa jambo jingine na iliweza kukubalika. Hauhitaji kuwa mchumi kukisia kilichofuata. Jina lenye laana likawekwa kando, jina lenye heshima likachukua kazi. Leo kwa Kiingereza "usury" ni ya mnyonyaji, na "interest" ni ya benki yenye kiyoyozi na kalamu iliyofungwa kwa mnyororo.

Kiswahili hakikujisafisha hivyo. Riba ni riba, iwe ya benki ya mjini au ya yule anayekopesha mtaani kwa wiki, na msomaji aliyepitia madrasa huisikia haramu yake hata pale tangazo la ukutani linapomwahidi "riba nafuu".

Kutoka kwenye fedha, neno la Kiingereza likaenea hadi kwenye hisa na haki: mtu mwenye "interest" katika shamba au kesi ni mtu ambaye matokeo yatamgusa mfukoni au kwenye hadhi. Ni katika karne ya 18 tu ndipo lilipohamia moyoni na kuanza kumaanisha kule kuvutwa na kitu kwa sababu ya kitu chenyewe, kama mtu anavyovutwa na riwaya au na ndege asiyemjua jina. Vyumba vitatu ndani ya nyumba moja: riba, maslahi, hamu. Sisi tumejenga nyumba tatu. Hakuna Mswahili atakayekwambia ana riba na mashairi.

Ungedhani basi kwamba ugomvi huu wa Waingereza hautuhusu, kwamba lugha yetu ilishaumaliza. Nadhani ni kinyume. Mwenye maneno matatu huona kinachojificha ndani ya neno moja, na anaweza kumwambia jirani yake mambo ambayo jirani hayaoni kwa sababu anaishi ndani yake.

Tuanze na maslahi. Neno hili lilitoka Kiarabuni, na mzizi wake wa konsonanti tatu, s-l-h, ndio uliotupa pia suluhu, kusuluhisha, na msuluhishi. Yaani mwenye maslahi na yule anayeitwa kuamua kati ya wenye maslahi ni ndugu wa tumbo moja. Na msuluhishi hukaa wapi? Kati. Pale pale ambapo "interesse" ya Kilatini ilimweka mtu anayehusika. Hamu nayo ina jamaa zake: mzizi wake wa Kiarabu ndio uliozaa hima na muhimu, na Waarabu wenyewe hulitumia neno hilo kwa jambo linalokutia wasiwasi, linalokukosesha raha. Kwa hiyo muhimu ni kile kinachotia hamu, na hamu si starehe tu, ina kaujoto fulani ka kukereketwa.

Sasa silabi za mwanzo. Kiingereza kina "unarmed" na "disarmed". Wa kwanza hana silaha, pengine hajawahi kuishika. Wa pili alikuwa nayo, imeondolewa. Kwa maelezo yanayotolewa mara nyingi, "disinterested" lilipita njia hiyo hiyo: kulikuwa na kitenzi, chenye jamaa katika Kifaransa, kilichomaanisha kumwondolea mtu maslahi, na "disinterested" ni yule aliyeondolewa. Kiswahili kinaifanya kazi hii waziwazi zaidi, kwa mwisho wa kitenzi. Funga, fungua. Ziba, zibua. Vaa, vua. Asiyevaa na aliyevua wote wako bila shati, lakini mmoja wao shati lake liko mkononi na wewe unaliona. Nikilazimika kumtafsiri mtu "disinterested" kwa pumzi moja, nitasema ni mtu aliyejivua maslahi, ingawa tangu msemo wa kujivua gamba uvume Tanzania mwaka 2011 kitenzi hicho hakiwezi kusemwa bila mtu mmoja kucheka nyuma ya ukumbi.

Lakini tafsiri ninayoipenda zaidi imo ndani ya methali ambayo kila mtu anaijua: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Hiyo ndiyo nadharia kamili ya maslahi, na haikuhitaji Kilatini. Na angalia kitenzi. Mwenye maslahi huvuta. Mwenye hamu je? Huvutwa, tunasema jambo limemvutia, amevutiwa nalo. Kitenzi ni kile kile, na tofauti yote iko kwenye nani anashika kamba. Basi mtu "disinterested" havuti. Mtu "uninterested" havutwi. Herufi moja, w, ndiyo inayobeba kile ambacho Waingereza wamegombania kwa silabi mbili.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu naandika uhakiki, na kazi ya uhakiki imesimama juu ya herufi hiyo.

Mwaka 1790 Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg, alitoa kitabu kuhusu hukumu zetu za uzuri, na akaweka sharti ambalo halijaacha kuwasumbua watu: anayesema kitu ni kizuri lazima furaha yake isitegemee maslahi yoyote. Mfano wake ni wa jumba la kifalme. Mtu anakuuliza kama unaliona zuri. Unaweza kujibu kwamba wewe hupendi vitu vilivyojengwa ili vikodolewe macho tu. Unaweza kujibu kama yule kiongozi wa Wairokwa ambaye Paris hakupenda kitu zaidi ya vibanda vya vyakula. Unaweza kuwalaani wakubwa wanaotumia jasho la watu kwa mambo ya anasa. Kant anakubali yote hayo, anasema tu kwamba hilo si swali lililoulizwa.

Msomaji wa pwani anaweza kulijaribu sharti hilo Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, miaka kumi baada ya kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Je, ni zuri? Naona ni zuri. Najua pia utajiri wa karafuu ulitoka kwenye mikono ya nani. Na tangu tarehe 25 Desemba 2020, sehemu yake ilipoporomoka na kuua watu wawili, swali la uzuri linabidi lipite juu ya vifusi kabla ya kufika. Sioni kwamba Kant alikosea kuyatenganisha maswali. Naona tu kwamba alikuwa mwepesi mno kuamini kwamba ukishalijibu moja unaweza kwenda nyumbani.

Hata hivyo kuna tanbihi yake moja ambayo huwa inasahaulika. Anasema hukumu inaweza kuwa huru kabisa na maslahi, na bado ikawa ya kuvutia sana. Kijerumani kina neno moja la mizigo kama Kiingereza, kwa hiyo sentensi hiyo kwake ilikaribia kuwa fumbo. Kwetu si fumbo hata kidogo. Havuti, lakini anavutwa. Tunaisoma na kupita.

Waingereza walilichukua wazo hilo na kulipeleka njia nyingine. William Hazlitt, akiwa na miaka 27, alichapisha mwaka 1805 kitabu kigumu ambacho hakikupata wasomaji wengi, akidai kwamba akili ya binadamu kwa asili yake imejivua maslahi. Dai linaonekana la kitoto mpaka usikie hoja. Ninapojali njaa nitakayoisikia kesho, anasema, ninamjali mtu ambaye bado hayupo. Siwezi kumhisi, naweza kumwazia tu. Na uwezo ule ule wa kumwazia mimi wa kesho ndio unaoniwezesha kukuwazia wewe wa leo. Kwa hiyo ubinafsi hauna hati miliki ya asili. Nao pia ni kazi ya ubunifu wa akili, sawasawa na huruma. Naiona hii kuwa moja ya hoja safi kabisa zilizowahi kutolewa kuhusu kwa nini hadithi zinawezekana, na inashangaza kwamba imelala ndani ya kitabu ambacho wanafunzi wa fasihi huwa hawakitaji.

John Keats alimpenda Hazlitt na alikwenda kumsikiliza akihadhiri London mwaka 1818. Mwaka uliofuata, katika barua kwa kaka yake na shemeji yake waliokuwa wamehamia Marekani, aliandika kwamba bila shaka maelfu ya watu wasiojulikana wamewahi kuwa na mioyo iliyojivua maslahi kabisa, ila yeye aliweza kukumbuka wawili tu, Socrates na Yesu. Napenda hesabu hiyo. Neno ambalo sasa tunagombania kama kanuni ya kutahiniwa, kwa kijana yule lilikuwa karibu sawa na utakatifu. Mswahili angeweza kulisogelea kwa neno ikhlasi, ile nia iliyochujwa isibaki na chembe ya kujionyesha, ingawa ikhlasi inamhusu mtu na Mola wake zaidi kuliko mtu na kitabu cha jirani.

Kisha akaja Matthew Arnold, na hapo ndipo neno lilipopata kazi ya mshahara.

Arnold alikuwa mkaguzi wa shule tangu mwaka 1851, na wakati huo huo profesa wa ushairi Oxford. Mwaka 1864 aliandika insha kuhusu kazi ya uhakiki katika zama zake, na neno aliloliweka katikati ni hilo hilo, kutokuwa na maslahi. Malalamiko yake yalikuwa mahususi, na ndiyo maana insha bado inasomeka. Aliyataja majarida kwa majina: Edinburgh Review lilikuwa la Whig, Quarterly Review la Tory, The Times la Mwingereza wa kawaida aliyeshiba na kuridhika. Kila moja liliruhusu akili icheze, lakini kwa kadiri isiyoudhi upande wake. Badilisha majina, weka magazeti na kurasa za mitandaoni za Nairobi au Dar es Salaam, na hutalazimika kubadilisha kingine.

Katikati ya insha kuna tukio ambalo mtu akishalisoma halimtoki. Wanasiasa wawili walikuwa wamehutubia wakijisifia kwamba Waingereza ni mbegu bora kuliko zote duniani. Arnold anaweka kando ya maneno yao aya fupi ya gazeti: msichana aitwaye Wragg ametoka katika nyumba ya maskini ya Nottingham na mwanawe wa nje ya ndoa, mtoto amekutwa kilimani amenyongwa, msichana anashikiliwa. Ni hayo tu. Gazeti limempa jina la ukoo bila la kwanza, na Arnold anaona ukatili uliomo katika kufuta jina hilo. Lakini kabla hajafika huko anatumia mistari kadhaa kulidhihaki jina lenyewe, na mengine ya Kiingereza yenye sauti nzito kama hilo, akisema kwamba Ugiriki ya kale haikuwa na bahati mbaya ya majina kama hayo. Hapo namwona akivuta. Mhakiki aliyejivua maslahi amesahau kuvua masikio ya Oxford. Huzuni yake kwa msichana ni ya kweli, na karaha yake kwa sauti ya jina lake ni ya kweli pia, na hajui kwamba hii ya pili nayo inahitaji kuhojiwa.

Kosa hilo dogo, likikuzwa na kusafirishwa kwa meli, linakuwa idara ya chuo kikuu. Uhakiki ulipaswa kutafuta yaliyo bora kabisa duniani bila kuangalia nani anafaidika, na kwa mwujiza ambao haukumshangaza mtu yeyote Uingereza, yaliyo bora yalikutwa yako Uingereza, pamoja na machache ya Ugiriki. Tarehe 24 Oktoba 1968 wahadhiri watatu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe na Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi. Waraka ni mfupi na wa kiofisi, na hoja yake inaweza kuelezwa kwa methali yetu bila kuipunguzia kitu: ngoma hii imewambwa, ngozi imevutiwa London, na tunaambiwa iko wastani.

Watu wengi huusoma waraka huo kama mwisho wa ile ndoto ya kujivua maslahi. Baada ya Nairobi, wanasema, tumejua kwamba kila mtu ana upande. Mimi nausoma tofauti. Waandishi wale watatu hawakuficha walipokaa. Walisema tuko hapa, na kutoka hapa tunataka kutazama kwetu, kisha kwa wengine. Kutaja ulipokaa ni aina ya kuvua. Shati liko mkononi, unaliona. Waliyemkosoa ndiye aliyevaa akijidai yuko kifua wazi.

Kutoka "kila mtu ana upande" hadi "basi nami nivute kwangu" ni mruko ambao haukuwamo kwenye waraka, na sisi tumeuruka kwa furaha. Nenda kwenye uzinduzi wa kitabu. Mgeni rasmi hajakisoma, aliyeandika dibaji ni mwalimu wa mwandishi, na mhakiki aliyepangwa kuzungumza anatarajia mwandishi azungumze kwenye uzinduzi wake mwezi ujao. Mwisho wa shughuli watu wataandika mtandaoni kwamba mwandishi apewe maua yake. Apewe, sina kinyongo na maua. Lakini vijana wa Tanzania tayari wana jina la mtu anayesifu kwa matarajio, chawa, na sioni kwa nini jina hilo liishie kwenye siasa na muziki. Uchawa wa fasihi una sarufi nzuri tu.

Ugonjwa wa pili ni mkimya zaidi na ninauogopa zaidi. Kwa Watanzania na Wakenya walio wengi, uhakiki wa fasihi ya Kiswahili ni mwongozo wa mtihani: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, mwisho. Mwongozo hauna chuki wala upendeleo. Havuti kabisa. Unaweza kumtendea Shaaban Robert, Euphrase Kezilahabi na mwandishi wa juzi kwa vichwa vya habari vile vile bila kupandisha sauti hata mara moja. Wala havutwi. Mwandishi wake hajawahi kusimama kwenye sentensi akairudia kwa kuwa ilimkereketa. Ukimsoma Kezilahabi kwa mwongozo hutajua kwamba kuna watu waliomsoma wakakosa usingizi. Utajua kwamba amefanikiwa kutumia tashibiha. Huyu ndiye refa wa simu, ila amevaa suti na anasahihisha karatasi.

Hapa ndipo kanuni ile ya darasani inapostahili kutetewa, na si kwa ajili ya Kiingereza. Waingereza wakiyaacha maneno yao yachanganyike watapoteza urahisi kidogo, wataokota neno jingine, lugha yao ina akiba. Kinachoweza kupotea kweli, kwao na kwetu, ni uwezo wa kuona kwamba kutopendelea na kutojali ni vitu viwili. Wenye madaraka hupenda vichanganyike. Ofisa asiyejali lalamiko lako atakwambia anatenda haki kwa wote; na anayejali mno, akikereketwa na jambo, ataambiwa ana maslahi binafsi. Mara ngapi mtu ameuliza swali kwenye mkutano wa kijiji akajibiwa, "Wewe unafaidika nini?" Swali hilo linadhani kwamba hakuna anayevutwa bila kuvuta. Likizoeleka, atakayebaki anauliza ni yule anayefaidika kweli.

Mhakiki kwa Kiswahili amepata jina zuri, lenye haki na hakika ndani yake. Jina la Ulaya lilitokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kutenga, kuchuja, kuamua, na jamaa yake wa karibu kwetu ni mwamuzi, maana kuamua nako kulianza kwa kuwatenga wanaopigana. Anayewaamulia watu hupata ngumi moja au mbili. Hilo linajulikana mtaani, na ndiyo sababu wengi huangalia kwa mbali.

Kwa upande wangu nimeanza desturi ndogo. Juu ya kila uhakiki naandika mstari mmoja: kitabu nimekinunua kwa bei gani, au nimepewa na nani, na mwandishi ni nani kwangu. Mhariri mmoja aliufuta mstari huo akasema unapunguza uzito wa hoja. Niliurudisha. Mwaka jana niliandika kuhusu mkusanyiko wa hadithi wa rafiki yangu, mtu ambaye nimekula kwao na mama yake ananiita mwanangu, na hayo niliyaandika juu kabisa. Chini yake nikasema kwamba hadithi tatu za mwanzo ni nzuri kuliko chochote alichowahi kuandika, na kwamba ya saba inakufa katikati, pale msimulizi anapoanza kutuambia tumwonee huruma nani.

Alikaa kimya siku nne. Nilikuwa nimeanza kuandaa maneno ya kumpoza. Siku ya tano ujumbe ukaingia, bila salamu, jambo ambalo si kawaida yake: "Pale katikati ulipopasema, ni kabla au baada ya mvua kunyesha?"